Je, Wajua? Sanamu ya kauri hunywea tanurini

Sanamu ya kauri hutoka tanurini ikiwa ndogo kuliko ilivyoingia. Kwanza huchomwa kwa nyuzi joto 1,000 hivi, ikawa ngumu lakini bado inafyonza maji. Kisha huchovywa katika uji mwembamba wa mawe yaliyosagwa, na kitako chake hupanguswa, la sivyo kitagandamana na rafu ya tanuri. Katika moto wa pili, wa nyuzi 1,300 au zaidi, uji huo huyeyuka ukawa kioo, na udongo hunywea kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hapo ndipo hatari ya kupasuka ilipo. Huko Meissen, Ujerumani, wanyama wakubwa wa kauri aliowafinyanga mchongaji Johann Joachim Kändler miaka ya 1730 walipata nyufa motoni. Nyufa hizo zinaonekana hadi leo, na uzuri wa wanyama hao haujapungua.