Mafuta ya Taa au Gesi?

Mfanyakazi mwenye nyumba ndogo hana budi kuchagua: apikie mafuta ya taa au gesi ya mtungi? Mafuta yana sifa moja kubwa, nayo ni kwamba hununuliwa kidogo kidogo, kwa kadiri ya mfuko. Gesi hudai fedha nyingi kwa mara moja: kwanza mtungi na jiko lake, kisha ujazo. Walakini rahisi huwa ghali. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli, na unafuu wake ukapungua. Tena moshi wake hudhuru mapafu, na mtoto huweza kuyanywa akidhani ni maji.

Gesi nayo haitaki mzaha. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutanda sakafuni ikingoja cheche. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango na madirisha, wala usiwashe kiberiti.

Basi, ndugu wafanyakazi, shauri letu ni hili: chezeni upatu, kila mmoja apate kwa zamu yake mtungi wa kilo 6. Umoja ni nguvu, hata jikoni.