Gitare ya Mwenda ingali mpya?

Vijana, munasema muziki wa wazee umeisha? Ngojeni kidogo. Mwaka 1952, kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, Hugh Tracey alirekodi kijana wa Bunkeya, Jean-Bosco Mwenda. Alipiga gitare moja tu, na vidole viwili: kidole gumba na cha pili. Hakuna ngoma, hakuna mashini. Lakini sikilizeni «Masanga»: mutazani magitare mawili yanajibizana!

Mwenda alikufa mwaka 1990. Muziki wake haujazeeka, kwa sababu hakuna kelele ya kuficha kazi ya mukono. Kinachozeeka mbio ni mapambo.

Basi, kama nkambo wako angali anajua kupiga vile, kaa naye leo. Kesho utamuuliza nani?