Saa ya Fahari na Kina cha Bahari

Katika familia zetu, saa ya mkononi ni zawadi yenye heshima ya pekee. Bwana harusi huvishwa, kijana aliyehitimu hutunukiwa, na mjomba arudiye kutoka Muscat au Dubai huja nayo ndani ya kisanduku chake. Wengine huirithi kwa marehemu baba, wakaihifadhi kama amana. Kwa hiyo swali tunalolijadili wiki hii si la matajiri peke yao: je, saa ya fahari ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya wazamiaji yafaa kuvaliwa na mtu anayezamia kwa mtungi wa hewa, iwe Mnemba huko Unguja, Misali huko Pemba, au katika visiwa vya Daymaniyat nchini Oman?

Wengi hulijibu kwa kuigeuza saa na kusoma mgongo wake. Wakikuta pameandikwa mita 50, hufanya hesabu nyepesi: mzamiaji mwenye cheti cha awali kwa kawaida huwekewa mpaka wa mita 18, basi saa ina akiba kubwa. Hesabu hiyo hupotosha. Idadi ile ya mita haielezi safari ambayo saa imeruhusiwa kuifanya baharini. Inaeleza mgandamizo ambao saa za aina hiyo, zikiwa mpya, zilipimwa nao kwa muda mfupi. Kwa desturi, saa ya mita 30 huvumilia mvua na matone ya maji ya udhu, ya mita 50 huvumilia kuogelea kwa utulivu, na ya mita 100 huvumilia kuogelea na kucheza na mawimbi. Kuzamia kwa mtungi ni jambo jingine.

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Katika kina cha mita 18, saa hubanwa karibu mara tatu ya ilivyobanwa ufukweni. Kinachozuia maji yasipenye ni vipete vyembamba vya mpira vilivyo chini ya kioo, kwenye mfuniko wa nyuma, na katika kifundo cha pembeni cha kurekebishia majira. Mpira huo huchakaa kwa jasho, sabuni, joto na kupita kwa miaka. Saa iliyorithiwa yaweza kung'ara kwa nje, ilhali mpira wake ulikwisha kukauka zamani. Wapo wasemao kuwa hatari kubwa ni mgandamizo unaozaliwa na kurusharusha mikono majini, lakini ongezeko hilo ni dogo. Mpira mkavu na kifundo kisichofungwa vizuri ndivyo adui wa kweli.

Tofauti kati ya makundi haya mawili ya saa imewekwa bayana na viwango vya kimataifa. Saa za kawaida zisizopitisha maji zina kiwango chake, ISO 22810, ambacho huruhusu kupima baadhi tu ya saa kwa niaba ya nyingine. Saa za wazamiaji zina ISO 6425. Hicho hudai uwezo wa mita 100 kwa uchache, na kila saa moja moja ipimwe kwa mgandamizo unaozidi ule ulioandikwa kwa asilimia 25. Zaidi ya hapo, saa hiyo lazima isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, istahimili maji ya chumvi, na iwe na njia ya kumwonyesha mzamiaji muda uliopita tangu ashuke.

Umbo la saa, kwa hiyo, si ushahidi. Chukueni mfano wa Royal Oak ya Audemars Piguet, iliyotoka mwaka 1972. Mbunifu wake, Gérald Genta, aliitoa sura yake katika kofia ya chuma ya wazamiaji wa zamani, ndiyo sababu ya ile pete ya pembe nane na skrubu zake nane. Hata hivyo, matoleo yake ya kawaida yameandikiwa mita 50 tu. Saa imevaa sura ya mzamiaji, lakini haikuandaliwa kwa kazi yake.

Kazi hiyo ni ipi? Ni kulinda uhai. Jean-Jacques Fiechter, aliyeongoza kiwanda cha Blancpain cha Uswisi, alikuwa mzamiaji. Siku moja, akiwa chini ya bahari, alipoteza hesabu ya muda na hewa ikamwishia, ikambidi apande juu kwa dharura. Katika miaka hiyo hiyo, Robert Maloubier na Claude Riffaud wa kikosi cha wazamiaji cha jeshi la majini la Ufaransa walikuwa wakitafuta saa ya kutegemewa. Mwaka 1953 ikatoka saa iliyoitwa Fifty Fathoms, yaani pima 50, kipimo kile kile ambacho wavuvi wetu hupimia kina cha maji, takriban mita 91. Pete yake ya kuzunguka iliwekewa kizuizi ili isijigeuze yenyewe. Katika saa nyingi za leo pete hiyo huzunguka upande mmoja tu, hata ikigongwa ionyeshe muda mrefu zaidi uliopita, kamwe si mfupi.

Turudi kwenye swali. Saa ya mita 30 au 50, yenye mkanda wa ngozi, au yenye vitufe vya kupimia mbio, isizamiwe kabisa. Saa ya mita 100 na zaidi, yenye kifundo cha kufunga kwa kukaza, kama Datejust ya Rolex, huenda ikavumilia mita 18 iwapo fundi saa ameipima kwa mgandamizo hivi karibuni. Lakini hata ikivumilia, haina pete ya kuhesabia muda, wala haijui kina. Mzamiaji anayekaa chini kupita kiasi hukusanya naitrojeni mwilini, na akipanda kwa haraka huweza kuugua vibaya. Anachokihitaji mkononi ni kompyuta ya kuzamia, ambayo vituo vingi vya uzamiaji hukodisha.

Na iwapo saa imekwisha kuingia majini, isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi huku kifundo kikiwa kimefungwa. Ukungu ukionekana ndani ya kioo, isiachwe juani kwa matumaini ya kukauka: ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo, kwa sababu chumvi huanza kuozesha chuma cha mitambo mapema mno.

Wazazi ambao vijana wao wanajifunza kuzamia wawaulize maswali mawili kabla ya kuondoka: nani anawafundisha, na wanahesabu muda wao kwa kitu gani? Iwapo jibu la pili ni saa ya harusi ya baba, na iachwe nyumbani ndani ya kisanduku chake.