Kutoka Mtungi wa Kilo 13 hadi wa Kilo 6: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadilisha

Jerikeni ya maji ya lita 20 huwa na uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo. Mtungi wa gesi wa kilo 13 ukiwa umejaa ni mzito kuliko jerikeni hiyo, kwa sababu chuma chenyewe hukaribia kilo 14 au 15, na jumla hufika kilo 27 au 28. Kwa mkazi wa mjini Wote, Kitui au Mwingi ambaye duka liko hatua chache kutoka mlangoni, huo si mzigo wa kuzungumziwa. Hali ni tofauti kwa mzee anayeishi peke yake kwenye miinuko ya Kilungu au Mbooni, au kwa familia ya ndani ya Mutomo na Kyuso ambayo hulazimika kulipa bodaboda kwenda na kurudi. Kwao, uzito wa mtungi ndio huamua kama gesi itatumika mwezi huu au familia itarudi kwenye kuni.

Mtungi wa kilo 6 ukijaa hufikia takriban kilo 13 au 14, yaani nusu ya ule mkubwa. Ndiyo maana baadhi ya familia hufikiria kuuacha mtungi mkubwa na kuchukua mmoja mdogo, au miwili midogo kwa zamu. Uamuzi huo unaweza kuwa mzuri, lakini una gharama na hatari zake, na ni vyema kuzifahamu mapema.

Kwa nini suala hili ni muhimu

Kulingana na sensa ya 2019, asilimia 55.1 ya kaya nchini Kenya zilitegemea kuni kama nishati kuu ya kupikia, na asilimia 23.9 zilitumia gesi. Katika maeneo makavu ya Ukambani, kila gunia la makaa ni miti iliyochukua miaka mingi kukua. Januari 2018, aliyekuwa Gavana wa Kitui, Charity Ngilu, alipiga marufuku usafirishaji wa makaa kwenda nje ya kaunti hiyo, na mwezi uliofuata Serikali ya Kitaifa ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Moshi nao una madhara yake ndani ya nyumba, hasa kwa akina mama na watoto wadogo ambao hukaa karibu na jiko kwa muda mrefu zaidi.

Bei ya gesi pia imeathiriwa na kodi. VAT ya asilimia 16 ilianza kutozwa Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Hata hivyo, tofauti na petroli, dizeli na mafuta ya taa, ambayo bei zake za juu hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), gesi ya kupikia haina bei ya juu iliyowekwa. Kila duka hupanga bei yake. Mnunuzi ndiye anayepaswa kulinganisha.

Gesi ya kilo 6 hudumu kwa muda gani?

Kichomeo cha kawaida kikiwashwa kwa moto mkali hutumia takriban gramu 150 hadi 160 za gesi kwa saa. Kwa makadirio hayo, mtungi wa kilo 6 hutoa karibu saa 38 za moto mkali, na wa kilo 13 karibu saa 82. Familia inayowasha jiko saa mbili kwa siku itatumia mtungi mdogo kwa siku 19 hivi, na mkubwa kwa siku 41 hivi. Moto ukipunguzwa chakula kinapoanza kuchemka, siku huongezeka.

Hapa ndipo chakula cha nyumbani kinapoingia kwenye hesabu. Chai, uji, ugali, mboga na mayai ni mapishi ya dakika chache, na mtungi mdogo huyamudu vizuri. Muthokoi, mbaazi kavu na maharagwe ni jambo lingine. Sufuria moja ya muthokoi iliyopikwa kwa saa tatu inaweza kumaliza karibu nusu kilo ya gesi kwenye moto mkali. Kuloweka usiku kucha, kufunika sufuria na kutumia sufuria ya presha hupunguza muda huo sana. Familia nyingi huchanganya: gesi kwa mapishi mafupi, jiko lililoboreshwa la kuni kwa mapishi marefu.

Hesabu ya bei kwa kilo

Mtungi mdogo huhitaji pesa kidogo kwa wakati mmoja, na hilo huwasaidia wanaopata kipato kwa siku au kwa wiki. Lakini pesa kidogo mkononi si lazima iwe gesi ya bei nafuu. Njia ya kujua ni kugawanya bei ya kujaza kwa idadi ya kilo.

Tuseme, kwa mfano tu, duka linajaza kilo 6 kwa shilingi 1,200 na kilo 13 kwa shilingi 2,470. Mtungi mdogo unagharimu shilingi 200 kwa kilo, na mkubwa shilingi 190. Tofauti ya shilingi 10 kwa kilo ni shilingi 130 kwa kila kilo 13 zinazotumika. Nauli ya bodaboda iongezwe pia. Mtungi mdogo hujazwa zaidi ya mara mbili katika muda ambao mkubwa hujazwa mara moja. Ikiwa safari ni ya kulipia, akiba ya uzito inaweza kuliwa na nauli. Ikiwa mtungi mdogo unaweza kubebwa kwa mkono, kwa mkokoteni au kwa baiskeli wakati mtu anaenda sokoni kwa shughuli nyingine, hesabu hubadilika.

Mitungi miwili ya kilo 6 huondoa tatizo la gesi kuisha usiku kabla chakula hakijaiva. Mmoja unatumika, wa pili uko tayari, na ulio tupu hupelekwa siku ya soko. Gharama yake ni kununua mtungi wa pili mwanzoni.

Vifaa havilingani

Regyuleta ya mtungi wa kilo 13 hubanwa juu ya vali, ilhali kichomeo au regyuleta ya mtungi wa kilo 6 hukazwa kwa nyuzi. Kwa hivyo anayebadilisha mtungi bado ana kazi ya kutafuta kifaa kinachofaa. Kulazimisha kisichofaa, au kukifunga kwa waya na mpira, ni mwanzo wa ajali.

Wengi hutumia mtungi wa kilo 6 ukiwa na kichomeo na kikalio moja kwa moja juu yake. Mpangilio huu ni rahisi na hauhitaji mpira, lakini sufuria hukaa juu. Sufuria kubwa ya githeri au ya maji ya kuoga ikiwekwa hapo, mtungi unaweza kupinduka, hasa kwenye sakafu ya udongo isiyo sawa au mtoto anapopita. Sufuria pana pia hurudisha joto chini kuelekea kwenye mtungi. Anayepikia watu wengi anashauriwa kutumia jiko la pembeni lenye regyuleta na mpira wa gesi uliokazwa kwa vibano.

Aidha, maduka kwa kawaida hubadilisha mtungi mtupu kwa mwingine wa ukubwa uleule. Tangu kanuni za gesi za 2019, kampuni haziruhusiwi kujaza mitungi ya kampuni nyingine bila makubaliano. Ni muhimu kuuliza kwanza ni mitungi ya kampuni gani inapatikana katika soko la karibu, kisha kununua ya kampuni hiyo. Mtungi ambao hauna wa kuujaza Zombe au Kathonzweni utakuwa chuma cha kukaa kona.

Kupima kabla ya kulipa

Uzito wa mtungi mtupu hupigwa chapa kwenye chuma, karibu na mshikio. Muuzaji aombwe kuuweka mtungi uliojaa kwenye mizani. Ukitoa uzito wa mtungi mtupu, kinachobaki ndicho kiasi cha gesi. Mtungi wa kilo 6 wenye chapa ya kilo 7.2 unapaswa kusoma kilo 13.2. Ukisoma kilo 12.2, mnunuzi amepungukiwa kilo nzima, ambayo ni siku tatu za kupika.

Sili ya plastiki iwe nzima, mtungi usiwe umekunjamana wala kuoza kwa kutu, na duka liwe na leseni ya EPRA. Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024, ulitokea mahali ambapo gesi ilishughulikiwa bila idhini, na ulisababisha vifo na majeraha katika makazi ya watu. Gesi inayojazwa kwa siri nyuma ya nyumba ina hatari hiyo hiyo.

Usalama njiani na nyumbani

- Mtungi usafirishwe ukiwa wima, umefungwa imara, vali ikiwa imefungwa na kufunikwa.
- Utumike na kuhifadhiwa ukiwa wima, mahali penye hewa, mbali na kuni zinazowaka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini.
- Baada ya kufunga kifaa, maungio yapakwe povu la sabuni. Mapovu yakiongezeka, gesi inavuja. Kiberiti kisitumike kamwe kukagua.
- Harufu ya gesi ikisikika: zima moto wote, funga vali, fungua milango na madirisha, usiguse swichi ya umeme, na watu watoke nje. Nambari za dharura ni 999 na 112.
- Mtungi unaokaribia kuisha usilazwe wala kuwekwa kwenye maji moto au karibu na moto ili "kutoa gesi iliyobaki".

Nani abadilishe?

Mtungi wa kilo 6 unawafaa zaidi wazee, wanaoishi peke yao, wanafunzi wa kupanga, familia ndogo na yeyote anayebeba mtungi kwa mkono. Familia kubwa iliyo karibu na barabara, kama ile ya Emali, Makindu au Kibwezi, huenda ikapata nafuu zaidi kwa kubaki na kilo 13. Kabla ya kuamua, mkazi apige hesabu ya mambo matatu: bei kwa kilo, nauli ya mwezi mzima, na ni nani nyumbani atakayeubeba mtungi huo siku ambayo vijana hawapo.