"Skwota" na "wakuja": Maneno mawili, donda moja

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa isimujamii zoezi nililolidhania jepesi. Niliwataka waandike maneno yanayotumiwa mitaani kwao kumtaja jirani asiyekuwa wa kabila lao, kisha wayachambue maumbo na maana. Daftari zilirudi zimejaa. Katika kazi za wanafunzi watokao Malindi, Kilifi na Mtwapa, neno lililojirudia mno lilikuwa "wakuja".

Tulipokuwa tukilijadili, binti mmoja alinyosha mkono. Wazazi wake walitoka Murang'a, lakini yeye alizaliwa Kilifi, akasomea Kilifi, na lafudhi yake ni ya pwani kuliko yangu mimi mwenyewe. Akauliza: "Mwalimu, mimi nitakoma lini kuja?"

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina neno "mgeni", na wazee wetu waliliwekea mpaka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake si kumfukuza mgeni. Maana yake ni kwamba ugeni una mwisho, na kwamba atakayelima nasi atakula nasi. Kwa upande wa pili kuna "mwenyeji", yaani mwenye mji. Baina ya maneno haya mawili pana mlango, na mtu huweza kuupita.

"Wakuja" halina mlango huo. Limejengwa kwa kitenzi-jina "kuja", na kitenzi-jina hakina njeo. Hakisemi "amekuja", wala "amefika", wala "amekaa". Anayeitwa hivyo yuko njiani daima, hata akiwa amezika wazazi wake katika mchanga wa Kilifi. Neno "mbara" nalo lilianza bila ubaya wowote. Bara ni nchi kavu iliyo mbali na bahari, na mjini Malindi kwenyewe pana mtaa uitwao Barani. Lakini neno lililoonyesha upande lilikuja kugeuka shtaka.

Niliona kwa macho yangu lilivyogeuka. Usiku wa Agosti 13, 1997, washambulizi walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi sita na kuchukua bunduki. Kilichofuata ni majuma ya mauaji na uchomaji wa nyumba na vibanda vya watu wa bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakakimbia makwao. Vikaratasi vilisambazwa vikiwaamuru watu wa bara waondoke pwani. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba mwaka huohuo, na katika Likoni kura za watu wa bara zilidhaniwa kuwa za upinzani. Tume iliyoongozwa na Jaji Akiwumi ilichunguza machafuko hayo, lakini ripoti yake haikutolewa hadharani hadi mwaka 2002.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari mjini Malindi. Hofu ilitufikia upesi. Siku moja mwenzetu alileta kikaratasi kimojawapo shuleni, akakisoma kwa sauti ya kuigiza wakati wa mapumziko. Wengi tulicheka. Nami nilicheka.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alipanga mama mmoja kutoka Nyeri aliyeuza mboga sokoni. Jioni ya siku hiyohiyo nilimkuta uani kwetu akiwa amefunga mizigo miwili. Alimpa mama yangu daftari lake la madeni. "Dada," alimwambia, "nitunzie hili, nitakuja kulichukua mambo yakitulia." Ndani yake mlikuwa na deni la mama yangu pia, shilingi thelathini na tano. Akapanda basi la usiku na wanawe, mmoja wao akiwa rafiki yangu. Hakurudi. Daftari lile lingali katika sanduku la mama, na deni halijalipwa.

Ni rahisi kutokana na kisa hiki kusema kwamba tatizo ni maneno, basi na tuyapige marufuku. Serikali imekwisha kujaribu njia hiyo. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008. Aprili 2022 tume iliyoundwa kwa sheria hiyo ilitangaza orodha ya maneno ya chuki, miongoni mwao "madoadoa" na "wabara waende kwao". Sipingi orodha hiyo. Lakini mwanaisimu yeyote atakwambia kwamba neno lililokatazwa huzaa jingine kabla wino haujakauka. Neno ni moshi. Mwenye kuupepea moshi bila kutafuta moto atachoka, na nyumba itaungua.

Moto wenyewe ni ardhi. Na hapa kuna neno la pili ambalo wanafunzi wangu hawakuliandika, kwa kuwa wengi wao wamelizoea kiasi cha kutolisikia: "skwota".

Neno hilo lilitoka kwa Waingereza. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa pwani. Mwenye kudai ardhi alitakiwa alete madai yake, na isiyodaiwa ikawa mali ya Serikali ya Mfalme. Wamijikenda wengi, waliomiliki ardhi kwa ukoo na si kwa karatasi, waliachwa nje. Mwaka 1914, katika vita ambavyo jina la Mekatilili wa Menza halitengani navyo, Wagiriama waliamriwa kuhama ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Uhuru ulipofika mwaka 1963, hati zile hazikufutwa. Ndiyo maana leo utamkuta mzee katika Magarini au Takaungu akikuonyesha minazi iliyopandwa na babu yake, naye katika makaratasi ya serikali ni skwota.

Lipime neno hilo kwa mizani ileile. "Skwota" ni mtu aliyekaa mahali pasipokuwa pake. Hajalishi idadi ya makaburi ya ukoo wake yaliyo chini ya minazi hiyo. Basi angalia ajabu hii: jirani mmoja ameitwa "wakuja", ambaye hafiki kamwe, jirani wa pili ameitwa "skwota", ambaye amefika lakini hana haki ya kukaa. Wote wawili wamenyimwa mji kwa neno. Badala ya kuulizana ni nani aliyewanyima, mwaka 1997 mmoja alitumwa kumchomea mwenzake kibanda.

Yule mama wa Nyeri hakuwa na hata robo ekari pwani. Alipanga chumba kimoja na meza moja sokoni. Hasira ya skwota ilimwangukia yeye kwa sababu alikuwa karibu na hakuwa na ukuta. Huku nyuma, fukwe za Malindi na Watamu zimejengwa majumba ya watu waliotoka mbali zaidi ya Nyeri. Wengi wetu tumejifunza hata Kiitaliano ili tuzungumze nao, na hakuna aliyewahi kuwaita wakuja. Wao tumewapa majina ya heshima: mtalii, mwekezaji. Sisemi wachukiwe. Nasema tu kwamba lugha yetu imepima ugeni kwa unene wa mfuko, si kwa urefu wa safari.

Haki inanilazimu niseme na upande wa pili. Malalamiko ya wapwani si hekaya. Wako vigogo, wa bara na wa pwani pia, waliojigawia viwanja vya ufukweni kwa nguvu ya vyeo, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika juu ya dhuluma za ardhi za pwani katika ripoti yake ya 2013. Lakini kigogo hauzi mboga sokoni. Tukimchanganya naye muuza mboga kwa neno moja, "wabara", tumemfichia kigogo maficho mazuri.

Na asitudanganye mtu kwamba wabara wote wakiondoka amani itaingia. Agosti na Septemba 2012, kaskazini yetu katika bonde la mto Tana, Wapokomo na Waorma walichinjana, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wote ni wenyeji wa pale tangu enzi. Waligombania maji, malisho na mashamba. Pasipo na haki ya ardhi, wenyeji wenyewe huzushiana ugeni.

Maradhi haya si yetu peke yetu. Mwaka 2001 miji ya Oldham, Burnley na Bradford, kaskazini mwa Uingereza, iliwaka moto wa ghasia baina ya vijana Wazungu na vijana wenye asili ya Asia Kusini. Kamati iliyoongozwa na Ted Cantle iligundua kwamba jamii hizo ziliishi maisha yasiyokutana, kama vyuma viwili vya reli: shule mbalimbali, mitaa mbalimbali. Kisha Julai 2024, baada ya watoto watatu kuuawa mjini Southport, ulienezwa uvumi kwamba muuaji alikuwa mhamiaji aliyewasili kwa mashua. Msikiti ukashambuliwa, na huko Rotherham hoteli iliyohifadhi waomba hifadhi ikavamiwa. Kumbe muuaji alizaliwa Cardiff. Uvumi ulihitaji "mgeni", ukamzua.

Lakini sisi tunatofautiana na Oldham kwa jambo moja. Malindi na Kilifi tunakutana: dawati moja, matatu moja, soko moja, lugha moja. Mwaka 1997 nilicheka nikiwa nimeketi karibu na mtoto wa mbara. Kukutana pekee, basi, hakutoshi.

Nini kitatosha? Historia ya papa hapa ina funzo. Hadi miaka ya 1940, Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Wajibana, Waribe, Warabai, Waduruma na Wadigo waliitwa kwa pamoja "Wanyika", watu wa porini, jina la dharau walilopewa na wengine. Walilikataa. Wakajiita Mijikenda, miji tisa. Tazama walichokichagua: neno "mji", lilelile lililomo ndani ya "mwenyeji". Hawakungoja serikali itoe orodha. Walijiunga, wakajitaja upya, na sasa jina la zamani limebaki vitabuni.

Kwenu walimu wenzangu, nawaomba mfanye lile zoezi langu madarasani mwenu, lakini myaweke maneno haya mawili ubaoni sambamba. Waambieni wanafunzi wayaulize: lilitoka wapi, linamnyima nani nini, na nani anafaidika? Enyi wanafunzi, mtakapoletewa kikaratasi, au ujumbe katika simu ambayo siku hizi ndiyo kikaratasi, jaribuni kutocheka. Kicheko chetu cha mwaka 1997 hakikuchoma kibanda, lakini kilimwonyesha mwenye kiberiti kwamba hapana atakayemzuia. Na serikali ijue kwamba hati ya shamba mkononi mwa mzee wa Magarini itazima maneno ya chuki mengi kuliko orodha yoyote.

Ama binti yangu wa Kilifi, jibu lako ni hili: ulikoma kuja siku uliyozaliwa. Wewe ni mwenyeji. Lakini mwenyeji ana wajibu, na wa kwanza ni kumtetea jirani yako aitwaye skwota mpaka naye apate mji wake, kama yeye anavyopaswa kukutetea wewe. Nami wajibu wangu ni kuendelea kumtafuta mwenye daftari.