Floridi na Meno Yaliyofungwa Waya

Siku hizi watoto wengi wa mijini, na wachache wa mashambani pia, huonekana wakiwa na waya katika meno yao. Hao ni wale ambao meno yao yalipandana au kusimama upande, na daktari wa meno anayanyosha. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, mara nyingi mwaka mmoja na nusu au miwili, na gharama yake si ndogo. Kwa hiyo mzazi husikitika sana akiona, siku waya zinapoondolewa, kwamba meno yamenyoka vizuri lakini yamebaki na mabaka meupe kama chokaa kuzunguka mahali palipokuwa na vibandiko.

Mabaka hayo ndiyo mwanzo wa kuoza. Wazee husema jino huliwa na mdudu, nao hawakukosea sana, ila wadudu wenyewe ni wadogo mno hata hawaonekani kwa macho. Hukaa katika ukoga, hula sukari iliyomo kinywani, na kutoa asidi inayoyeyusha madini ya gamba gumu la jino. Mate huyarudisha madini hayo polepole. Lakini penye waya ukoga hujificha, mswaki haufiki kwa urahisi, na mabaka yaweza kutokea katika muda wa mwezi mmoja tu.

Hapo ndipo floridi inapofaa. Ikiwapo kidogo juu ya jino, huyasaidia madini kurudi upesi, na gamba linalojengwa upya huwa gumu zaidi kuyeyushwa kuliko lile la kwanza.

Watu wa Nakuru, Naivasha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa huenda wakashangaa kusikia hayo, maana wao huijua floridi kama adui. Visima vingi vya huko vina floridi nyingi itokayo katika mawe ya volkeno, na watoto wanaokunywa maji hayo huota meno ya rangi ya kahawia. Jambo hilo ni kweli, lakini madhara hayo hutokea wakati jino lingali likiumbwa ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hata kufika miaka minane hivi. Jino lililokwisha kuota halipati rangi hiyo kwa kupakwa floridi juu yake.

Hata ujuzi wa dawa hii ulitokana na meno ya kahawia. Daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, akakuta wenyeji wengi wana meno ya namna hiyo. Baadaye akatambua kwamba meno yale hayaozi upesi. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill aligundua kuwa floridi iliyomo katika maji ndiyo sababu ya rangi ile. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ulianza kutia floridi kidogo katika maji yake, kiasi cha kulinda meno bila kuyaharibu.

Mtoto mwenye waya apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Mswaki upite juu ya kibandiko, kisha chini yake karibu na ufizi, ambako mabaka hutokea zaidi. Akimaliza ateme povu, wala asisukutue kwa maji mengi, kwani ataiondoa dawa. Daktari aweza kumpa pia maji ya kusukutua yenye floridi ya sodiamu, asilimia 0.05, ya kutumiwa kila siku kwa saa nyingine isiyo ya mswaki. Maji hayo hayamezwi, na baada yake mtoto akae nusu saa bila kula wala kunywa. Wengine hupakwa kilinikini dawa yenye floridi nyingi zaidi, ambayo hushikamana na meno kwa saa kadhaa.

Lakini floridi haitamfaa sana mtoto anayenyonya peremende na kunywa soda tangu asubuhi hata jioni, kwa maana kila mara sukari inapoingia kinywani asidi hutokea tena.

Mzazi ambaye mtoto wake alilelewa penye maji ya floridi nyingi amweleze daktari kabla ya kazi kuanza, kwa kuwa vibandiko havishiki vizuri juu ya meno ya kahawia, na huenda yakahitaji kutayarishwa kwa njia nyingine.