Vumbi la Juu ya Dari

Katikati ya miaka ya 1970, kituo kimoja cha saratani mjini Baltimore, Marekani, kilihamia kwenye jengo jipya la hospitali. Haikupita muda, wagonjwa wakaanza kuugua mapafu kwa fangasi aina ya Aspergillus zaidi kuliko ilivyokuwa katika jengo la zamani. Daktari Joseph Aisner na wenzake walisaka chanzo, wakakikuta juu ya dari: nyenzo ya kukinga moto, iliyopuliziwa hapo ikiwa mbichi wakati wa ujenzi, ilikuwa imeota ukungu. Walichapisha taarifa yao mwaka 1976. Jengo lilikuwa jipya na linang'aa, na ugonjwa ulikuwa umejengwa ndani yake.

Fangasi huyu si mgeni kwa yeyote kati yetu. Anaishi kwenye udongo, kwenye majani yanayooza, kwenye mbao zilizolowa. Mbegu zake, ambazo wataalamu huziita spora, zina upana wa maikroni 2 hadi 3 tu, wakati unywele wa binadamu una karibu maikroni 70. Kwa wepesi huo, spora huchukua karibu saa nzima kushuka mita moja katika hewa iliyotulia, na mlango ukifunguliwa tu zinapanda tena. Ukuta ukivunjwa asubuhi, mgonjwa anayesukumwa kwenye korido mchana bado anaweza kuzivuta.

Sisi wenye afya huvuta mamia ya spora kila siku na hatujui. Seli za ulinzi ndani ya mapafu huzimeza, na zile chache zinazochipua hushambuliwa na neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Lakini mgonjwa wa saratani ya damu aliye kwenye dawa kali anaweza kukaa siku nyingi, hata wiki kadhaa, akiwa karibu hana neutrofili kabisa. Kwake spora huchipua, huota nyuzi, na nyuzi hizo hupenya mishipa ya damu. Tiba ipo, ila haitoshi. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2002, dawa ya vorikonazoli iliishinda waziwazi dawa iliyotegemewa kabla yake, na hata hivyo karibu wagonjwa 3 kati ya 10 waliotumia hiyo iliyoshinda walikuwa wamefariki ndani ya wiki 12. Ndiyo maana naamini ushindi au kushindwa katika vita hii huamuliwa mikononi mwa fundi kabla haijafika kwa daktari.

Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani, Ralf-Peter Vonberg na Petra Gastmeier, walichambua milipuko 53 ya maradhi haya hospitalini, iliyogusa wagonjwa 458. Karibu nusu ya milipuko hiyo ilihusishwa na ujenzi au ubomoaji. Waligundua pia jambo zito zaidi: kwa wagonjwa dhaifu kabisa, hata hewa yenye chini ya spora 1 kwa kila mita ya ujazo ilitosha kuleta maradhi. Kwa hiyo hakuna vumbi dogo la kupuuzwa karibu na wodi ya namna hiyo.

Hospitali zinazolichukulia jambo hili kwa uzito huanza na karatasi kabla ya nyundo. Hupanga kazi kwa madaraja, kuanzia ukaguzi wa kawaida au kufungua ubao mmoja wa dari, hadi kubomoa kuta na kujenga upya. Kisha hutazama ni eneo gani na wagonjwa gani walio jirani: ofisi za utawala, wodi ya kawaida, chumba cha upasuaji, au wodi ya wanaopandikizwa uboho. Kazi na mgonjwa vikikutanishwa, ndipo inajulikana kinga gani inahitajika. Kubadilisha taa kwenye ofisi ya mhasibu si sawa na kubadilisha taa ileile juu ya kitanda cha mtoto anayetibiwa saratani.

Kwa kazi kubwa, eneo la ujenzi huzungushiwa ukuta wa muda kutoka sakafuni hadi kwenye zege la juu. Kuishia kwenye dari hakusaidii, kwa sababu vumbi litapita juu yake na kushukia chumba cha pili. Ndani huwekwa feni yenye kichujio kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3, na feni hiyo hutoa hewa nyingi kuliko inayoingia. Shinikizo la ndani likipungua kwa paskali 2.5 tu kulinganisha na koridoni, hewa huvutwa kuingia badala ya kutoka. Kipimo chake cha haraka hakina gharama: shika kipande cha karatasi laini kwenye upenyo wa mlango. Kikielekea ndani, kazi iendelee. Kikipepea kuelekea wodini, mafundi waweke zana chini mpaka tatizo lipatikane. Kifusi hutolewa kwenye toroli lililofunikwa, sakafu hufutwa kwa tambara bichi, na ufagio mkavu hauruhusiwi.

Hapa Afrika Mashariki wodi nyingi hazina mitambo ya hewa. Zinapumua kwa madirisha, na miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya majengo yaliyofungwa haiwezi kunakiliwa tu. Lakini pwani yetu ina kitu kinachotabirika, nacho ni upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki takriban Mei hadi Septemba, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki takriban Desemba hadi Machi. Anayepanga kubomoa jengo lililo kusini mwa wodi ya saratani anaweza kuuliza kazi hiyo ifanyike msimu gani. Anaweza kunyunyizia maji ukuta kabla ya kuuvunja, kufunga madirisha ya upande wa kazi na kuacha ya upande mwingine, na lililo bora kuliko yote, kuwahamisha wagonjwa dhaifu kabla kazi haijaanza. Barakoa ya N95 humsaidia mgonjwa anapopita eneo la vumbi, lakini haiwezi kuwa kinga yake ya usiku na mchana.

Maji nayo yana hatari zake. Bomba likifungwa kwa majuma wakati wa ujenzi, maji yaliyotuama kwenye nyuzijoto 20 hadi 45 huwa makazi ya bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia. Mabomba yaoshwe kwa maji mengi na maji yapimwe kabla wodi haijafunguliwa.

Swali gumu ni nani anayelipa na nani mwenye kauli. Kama ukuta wa muda, feni na vichujio havikuandikwa kwenye zabuni, mkandarasi atavikwepa, na sidhani ni haki kumlaumu yeye peke yake. Muuguzi wa kudhibiti maambukizi anapaswa kukaa kwenye meza ya mipango tangu michoro inapochorwa, na kauli yake ya kusimamisha kazi iandikwe kwenye mkataba.

Uskoti ilionyesha kauli hiyo inaweza kufika mbali kiasi gani. Julai 2019, hospitali mpya ya watoto mjini Edinburgh ilikuwa imebakiza siku chache kupokea wagonjwa. Vipimo vilionyesha kuwa hewa katika vyumba vya wagonjwa mahututi ilibadilishwa mara 4 kwa saa, wakati kiwango kilichotakiwa ni mara 10. Waziri wa Afya, Jeane Freeman, alisimamisha uhamisho. Mitambo ikarekebishwa, na uhamisho wa huduma zote haukukamilika mpaka Machi 2021.